Kuiga Kazi ya Fundi ni Kutafuta Sababu Zake

Darasani, mtoto anayenakili kazi ya mwenzake huadhibiwa. Katika karakana ya fundi, kijana asiyetaka kunakili kazi ya fundi wake huambiwa kwamba hana nia ya kujifunza. Mambo hayo mawili hutendeka katika mji mmoja, pengine katika nyumba moja, wala hakuna anayeona kwamba yanapingana. Mwalimu ana haki, maana mtoto aliyenakili jibu la hesabu amechukua jibu akaiacha hesabu. Fundi naye ana haki, maana kijana anayenakili kiti hawezi kukimaliza vizuri bila kujua kwa nini miguu ya nyuma imelazwa kidogo. Basi kuiga si jambo moja. Kuna kuiga kunakomlemaza mtu, na kuna kuiga kunakomfanya kuwa fundi. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuzitenganisha aina hizo mbili, kwa mfano wa kazi moja ambayo wengi huitazama na wachache hujua inavyofanywa, nayo ni kazi ya kuchora katuni za sinema.

Kwanza yafaa ieleweke kazi yenyewe. Katuni ya sinema haina uhai wowote. Katika kila sekunde ya filamu hupita picha 24. Mchoraji akitaka mtu wake ainue mkono, huchora mkono ukiwa chini, kisha ukiwa juu kidogo, kisha juu zaidi, mpaka ufike unapotakiwa. Jicho la mtazamaji huunganisha michoro hiyo na kuona mwendo. Aghalabu kila mchoro hupigwa picha mara mbili, kwa hiyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Mwendo ukihitaji ulaini zaidi, kila picha huwa na mchoro wake. Dakika moja ya namna hiyo ni michoro 1,440 kwa mhusika mmoja tu. Kazi hii ya kuitia michoro uhai ndiyo inayoitwa uhuishaji. Ni kazi ya subira, na kosa dogo la mkono huonekana mbele ya ukumbi mzima.

Katika kazi hiyo alikuwako Bwana Richard Williams, mzaliwa wa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1933. Akiwa kijana wa miaka 15 alisafiri kwa basi mpaka California ili aione studio ya Walt Disney, na huko akashauriwa ajifunze kwanza kuchora. Mwaka 1955 alihamia London. Filamu yake ya kwanza, The Little Island, ilitoka mwaka 1958 ikapata tuzo ya Uingereza. Akafungua studio, akaajiri watu, akachora matangazo ya biashara na michoro ya kufungulia filamu za wengine. Kwa macho ya watu alikuwa amekwisha fika.

Mwaka 1967 ikatoka filamu ya The Jungle Book ya kampuni ya Disney. Miongoni mwa wachoraji wake alikuwamo Bwana Milt Kahl, aliyemtia uhai chui milia Shere Khan. Mnyama yule alitembea kwa uzito wa mwili wake. Bega likipanda, ngozi ililifuata. Akigeuza shingo, mtazamaji aliona kwamba amefikiri kabla ya kugeuka. Bwana Williams aliitazama filamu hiyo akatoka ukumbini akijua kwamba hajui. Alikuwa na umri wa miaka 34, ana tuzo, ana studio yenye jina lake mlangoni, na aliona kwamba michoro yake inasogea lakini haiishi.

Mtu anayepatwa na jambo kama hilo ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuibeza kazi ya mwenzake, akasema kwamba ni mambo ya wenye fedha nyingi. Anaweza kuchukua sura ya kazi hiyo, yaani macho makubwa, pua ya mviringo na rangi zake, akawauzia wasiojua. Au anaweza kumtafuta aliyeifanya na kuketi miguuni pake. Njia ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu humtaka mkubwa akubali kuwa mdogo tena. Bwana Williams aliishika hiyo. Alimwandikia Bwana Kahl barua, na urafiki wao ukaanza hapo. Kisha akawatafuta wazee wa kazi ile, ambao wakati huo wengi wao walikuwa wameanza kusahauliwa.

Wa kwanza alikuwa Bwana Ken Harris, aliyezaliwa mwaka 1898. Huyu alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa kampuni ya Warner Brothers chini ya mwongozaji Chuck Jones, na mkono wake umo katika vichekesho vya Road Runner, yule ndege mwenda mbio anayefukuzwa miaka nenda miaka rudi bila kukamatwa. Alipokwenda kufanya kazi London alikuwa anakaribia umri wa miaka 70. Mwenye studio, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipa mshahara, alijifanya msaidizi wake. Alichora pale mzee alipomwelekeza, na kuuliza kwa nini mchoro huu umewekwa hapa na si pale. Miaka ilipita kabla mzee hajamwambia kwamba sasa anaanza kuiweka michoro mahali panapofaa. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Bwana Williams alivukuta akiwa mwenye kiwanda.

Wa pili alikuwa Bwana Grim Natwick, aliyezaliwa mwaka 1890, ambaye alimchora Betty Boop mwaka 1930 na kushiriki kumtia uhai Snow White katika filamu ya mwaka 1937. Wa tatu alikuwa Bwana Art Babbitt, aliyemkuza Goofy na kuwachezesha uyoga katika filamu ya Fantasia ya mwaka 1940. Mwaka 1973 Bwana Babbitt alifundisha katika studio ya London kwa mwezi mzima, na mwenye studio akaketi pamoja na wafanyakazi wake kama mwanafunzi.

Ndugu Wasikilizaji, sasa yafaa kuuliza: wazee hao walifundisha nini? Hawakufundisha jinsi ya kuchora pua ya Goofy. Walifundisha mambo ambayo hayaonekani katika mchoro mmoja.

Jambo la kwanza ni tofauti ya muda na nafasi. Chukulia mfano wa mtu anayetwanga. Mchi hupanda, hutua kinuni, hupanda tena. Ikiwa mchi hutua mara moja kila sekunde, basi kila picha ya 24 ni kishindo. Huo ndio muda. Watu wawili wakiambiwa wauchore mchi huo, wote wawili wanaweza kupata kishindo mahali pake. Lakini wa kwanza ataigawa njia ya mchi sawasawa kama alama za rula, na mchi wake utapanda na kushuka kama chuma cha mashine. Wa pili ataibananisha michoro kule juu, pale mchi unapopoteza kasi na kutulia kabla ya kugeuka. Kisha ataitawanya kadiri mchi unavyoshuka, ule wa mwisho ukiwa mbali sana na ulioutangulia. Mtazamaji atausikia uzito wa mchi hata kama filamu haina sauti. Muda ni ule ule. Nafasi ndiyo iliyotofautiana. Anayetaka kujifunza kwa huyo wa pili, akanakili kanga na kilemba cha mtwangaji, atakuwa amenakili nguo na kuuacha mchi.

Jambo la pili ni viungo, na hapa Bwana Babbitt ndiye aliyekuwa bingwa. Katika katuni za zamani mikono ilipindapinda kama mpira wa kumwagilia maji, ili ionekane laini. Bwana Babbitt alionyesha kwamba ulaini waweza kupatikana kwa mifupa iliyonyooka, ikiwa viungo havivunjiki kwa wakati mmoja. Mkono ukiinuka, kiwiko hutangulia huku kiganja kikiwa bado kinaning'inia. Kiwiko kikisimama, kiganja ndipo kinapofika. Kiganja kikifika, vidole ndivyo vinavyomalizia. Kila kiungo hungojea zamu yake. Mtazamaji haioni sheria hiyo, bali huona mtu mwenye mifupa na nyama.

Jambo la tatu ni kumjua mtu kabla ya kumchezesha. Mwaka 1934 Bwana Babbitt aliandika maelezo marefu juu ya tabia ya Goofy: anafikiri namna gani, mwili wake unazitii vipi fikra zake, anatembeaje. Mwendo wake wa ajabu ulitokana na tabia hiyo. Kwa hiyo anayenakili mwendo wa Goofy na kumpa mzee mwenye hekima amempa mzee miguu ya mtu mwingine.

Jambo la nne ni umakini. Inasimuliwa kwamba Bwana Williams alipata kumwuliza Bwana Kahl kama husikiliza muziki anapochora. Bwana Kahl alikasirika, akamjibu kwamba yeye hana akili za kutosha kufikiri mambo mawili kwa wakati mmoja. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyehesabiwa miongoni mwa wachoraji bora kabisa wa studio yake.

Kutokana na mambo hayo manne huonekana njia ya kujifunza mtindo wa mchoraji mwingine, hata kama mwanafunzi hana fedha za kumleta mwalimu kutoka ng'ambo. Huchagua tukio fupi la sekunde tano au kumi, si filamu nzima. Hulitazama mara nyingi kwa kasi yake ya kawaida, mpaka ajue ni mahali gani panapomgusa. Kisha hulisimamisha picha kwa picha, jambo ambalo siku hizi huwezekana kwa kompyuta na hata kwa simu ya mkononi. Huhesabu: mguu ulikaa chini picha ngapi, kichwa kilianza kugeuka picha ngapi kabla ya mwili, macho yalifumba mwanzoni mwa geuko au mwishoni. Huandika hesabu hiyo, na kuchora vijimistari tu bila sura wala nguo, ili mapambo yasimpoteze. Halafu huifunga filamu na kujaribu kulichora tukio lile kwa kumbukumbu, kisha hulinganisha. Pale alipokosea ndipo penye somo lake.

Hatua ya mwisho ndiyo kipimo. Mwanafunzi huchukua kanuni aliyoigundua akaitumia kwa kitu ambacho fundi wake hakukichora kamwe. Kama amejifunza uzito kwa chui milia, na achore hamali mwenye gunia. Gunia likionekana zito, amejifunza. Likionekana kama limejaa pamba, hakujifunza, bali alinakili.

Matunda ya juhudi za Bwana Williams yalionekana. Filamu yake ya A Christmas Carol ya mwaka 1971, ambayo Bwana Harris aliifanyia kazi, ilipata tuzo ya Oscar. Mwaka 1988 aliongoza uhuishaji wa filamu ya Who Framed Roger Rabbit, ambamo wahusika wa kuchorwa huzungumza, hugombana na kushikana na watu wa kweli. Kazi hiyo ilimpatia tuzo mbili za Oscar, moja yao akishirikiana na wenzake. Ndani yake mna ulaini wa shule ya Disney na kasi ya shule ya Warner Brothers, lakini yenyewe si ya shule moja. Aliyejifunza kwa mzee mmoja tu huwa kivuli chake. Aliyejifunza kwa wengi hulazimika kuchagua, na katika kuchagua hujipatia sauti yake.

Lakini, Ndugu Wasikilizaji, haitakuwa haki kueleza faida na kuificha hasara. Tangu mwaka 1964 Bwana Williams alikuwa na filamu yake mwenyewe moyoni. Chanzo chake kilikuwa hadithi za Nasrudin, yule mjanja wa nchi za Mashariki ambaye wasomaji wa Kiswahili watamwona kuwa ndugu wa Abunuwasi. Baadaye hadithi hizo ziliachwa, na kazi ikaja kujulikana kama The Thief and the Cobbler. Wazee Harris, Natwick na Babbitt wote waliichorea. Kila alipojifunza jambo jipya alitaka filamu yake ifikie kiwango cha jambo hilo. Fedha alizitafuta kwa matangazo ya biashara, akachora, akaacha, akarudia. Bwana Harris alifariki mwaka 1982, Bwana Natwick mwaka 1990. Mwaka 1992, ambao ndio mwaka aliofariki Bwana Babbitt, wenye dhamana ya fedha waliichukua filamu mikononi mwake, baada ya miaka 28, ikiwa imebakiza sehemu ndogo tu. Ikamaliziwa na wengine, ikatolewa mwaka 1993 katika sura ambayo hakuikusudia.

Hapa pana funzo kwa kila mtu anayependa elimu. Kujifunza hakuna mwisho, lakini kila kazi ina siku yake ya kukabidhiwa. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuifanya bidii yenyewe kuwa maficho, akawa kila siku anajiandaa na wala hatoi. Hao wazee wa Warner Brothers walioheshimiwa na Bwana Williams walijifunza huku wakikabidhi kazi kwa tarehe iliyopangwa, vichekesho vya dakika sita au saba, mwaka baada ya mwaka. Huenda hilo ndilo somo lao moja ambalo mwanafunzi wao hakulichukua.

Hata hivyo hakukata tamaa. Alianza kuwafundisha wengine yale aliyofundishwa, na mwaka 2001 akatoa kitabu, The Animator's Survival Kit, ambacho kimekuwa kiongozi kwa wanafunzi wa kazi hiyo katika nchi nyingi. Siri ambazo yeye alizitafuta nyumba kwa nyumba, kwa wazee mmoja mmoja, sasa zimo mikononi mwa kijana yeyote awezaye kukipata. Mwaka 2015 filamu yake fupi, Prologue, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 86.

Isije ikafikiriwa kwamba haya ni mambo ya London na California peke yake. Ndugu Moustapha Alassane wa Niger, aliyezaliwa mwaka 1942, alisomea umakanika kabla ya kushika kazi ya filamu. Alipata nafasi ya kwenda Kanada, akakutana na Bwana Norman McLaren, mtaalamu aliyejulikana kwa kuchora moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu, bila kamera. Kama angalikuwa mwigaji wa sura, Ndugu Alassane angalirudi Niger na mistari na madoa ya rangi yanayocheza kwa kufuata muziki, kama ya McLaren. Yeye alirudi na ujasiri wa kufanya kazi kwa mikono yake na vyombo vichache. Mwaka 1966 alitoa Bon voyage, Sim, filamu fupi juu ya rais wa jamhuri ya vyura anayekwenda ziara nchi za nje, akapokewa kwa shangwe, na anaporudi nyumbani anakuta amepinduliwa. Mbinu alijifunza kwa mgeni, lakini vyura walikuwa wake.

Karibu zaidi na nyumbani iko shule ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa juu ya vibao, na vijana walijifunza kwake kwa kuketi na kunakili. Kutoka katika mtindo huo vilizaliwa vipindi vya katuni vya Tinga Tinga Tales, vilivyotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, vikaanza kuonyeshwa mwaka 2010. Wachoraji wale walikuwa na swali zito. Picha ya Tingatinga imetengenezwa itulie ukutani: mnyama bapa, madoa yamepangwa, hakuna kivuli. Namna gani mnyama huyo atatembea bila kuacha kuwa wa Tingatinga? Kunakili madoa hakutoshi kulijibu swali hilo. Hapana budi kujua ni kipi katika picha ile ni roho na kipi ni pambo.

Ndugu Wasikilizaji, wengi wa wanaofuatilia mazungumzo haya hawatachora katuni hata siku moja. Ni walimu na watumishi wa ofisi. Lakini katika kila shule yuko mwalimu mmoja ambaye darasa lake hutulia bila fimbo, na katika kila ofisi yuko karani ambaye barua yake haihitaji kuandikwa mara mbili. Wenzao huwasifu, na baadhi huiga sauti ya yule mwalimu au maneno matamu ya barua za yule karani, kisha hushangaa kwamba mambo hayawi. Mwalimu kijana na aombe ruhusa aketi nyuma ya darasa la mwenzake, ahesabu kama alivyohesabu mchoraji: ameuliza maswali mangapi kabla ya kueleza, amenyamaza muda gani baada ya kuuliza, amemtazama nani wakati wa kunyamaza. Kisha arudi darasani kwake, akaijaribu kanuni hiyo kwa somo jingine na kwa sauti yake mwenyewe.

Na wazee wa kazi waulizwe wangali hai. Bwana Williams aliwahi kuwafikia Harris, Natwick na Babbitt kwa sababu alikwenda mwenyewe, tena kwa unyenyekevu, wakati wengine walidhani muda wa wazee hao umepita. Mafundi wengi hustaafu kila mwaka katika ofisi na shule, wakakabidhi funguo, mihuri na majalada, wala hakuna anayewauliza kwa nini walifanya walivyofanya. Majalada yatabaki kabatini, lakini sababu zao zitaondoka pamoja nao siku hiyo ya kukabidhi.